Yaliyomo Kashani: Mapambo, Manukato na Vyombo vya Nyumba Katika Historia ya Pwani

Historia nyingi tusomazo huanza na mfalme na kwisha na vita. Ndani yake mna mapatano yaliyotiwa sahihi, merikebu zilizozamishwa na enzi zilizopinduliwa. Lakini hamna doti moja ya kanga, wala bilauri, wala kichupa cha marashi. Na hali yamkini mtu aliyeishi zamani hizo aliwaza habari za mfalme wake mara chache kwa mwaka, na kila siku akawaza nguo ya kuvaa, chombo cha kulia na harufu ya nyumba yake. Madhumuni ya insha hii ni kufungua kasha, kutoa vilivyomo kimoja kimoja, na kukiuliza kila kimoja: kimetoka wapi, nani alikichagua, na kwa nini alikichagua hicho akaacha kingine? Dai langu ni hili. Mnunuzi wa pwani yetu na wa bara yake hakuwa mpokeaji wa chochote alicholetewa. Alikuwa mteuzi, na uteuzi wake ulikuwa na nguvu ya kuamuru viwanda vya mbali. Tena kwa watu walionyimwa heshima, uteuzi huo ulikuwa njia ya kuidai.

Ushahidi wa kwanza ni mkongwe. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, uitwao Periplus ya Bahari ya Erythraea, wataja pwani ya Azania na soko lake la Rhapta. Miongoni mwa bidhaa zilizoingia palikuwa na mikuki, mashoka, visu vidogo na vitu vya kioo. Na katika zilizotoka palikuwa na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Naam, tangu mwanzo wa habari zetu zilizoandikwa, kitu king'aacho cha kujipambia kimo katika hesabu pamoja na chuma cha kufanyia kazi. Karne tisa baadaye, al-Masudi, aliyeifikia pwani hii yapata mwaka 916, aliandika kwamba Wazanji walijipamba kwa chuma badala ya dhahabu na fedha. Msomaji wa haraka atasema huo ulikuwa umaskini. Lakini mwandishi huyo huyo aitaja Sofala kuwa ni nchi yenye dhahabu tele. Basi haielekei kwamba uhaba wa dhahabu ndio uliowapa watu hao mapambo ya chuma. Thamani ya pambo haikai katika madini peke yake. Hukaa katika jicho la jamii ilitazamalo.

Hata mwaka 1331 Ibn Battuta alipowasili Mogadishu, kabla hajasafiri kwenda Mombasa na Kilwa, alipelekewa sahani ya tambuu na popoo, na pamoja nayo chupa ya maji ya mawaridi ya Dameski, akamiminiwa yeye na kadhi aliyekuwa naye. Jambo hili dogo lina mengi ndani yake. Marashi hayo yalikatiza jangwa na bahari mbili ili yammwagikie mgeni kwa muda wa kufumba na kufumbua macho, kisha yakauke. Mtu mwenye kuhesabu faida peke yake angaliona huo ni upotevu. Wenyeji wa pwani waliona ndiyo maana yenyewe ya ukarimu: kumpa mgeni kitu cha thamani kisichoweza kurudishwa. Desturi hiyo haijafa. Katika maulidi na arusi mrashi ungali ukipitishwa safu kwa safu, na mtu hufungua viganja vyake kuupokea.

Hapana jambo linaloonyesha uteuzi wa watu wetu kuliko manukato. Udi hutoka katika miti ya mashariki ya mbali, Asia ya kusini. Ubani hutoka Somalia na kusini ya Arabuni. Sandali hutoka Bara Hindi. Ambari lakini ilikuwa yetu, ikiokotwa fuoni ilikotupwa na mawimbi, na al-Masudi aitaja katika mali ya nchi ya Zanji. Na nje ya mlango, uani, mlikuwa na asumini, mkadi, kilua na mrehani. Mwanamke aliyepika udi wake, akasaga liwa, akatunga kikuba cha maua na majani akakipachika kifuani au kwenye nywele, alikuwa akiunganisha chetezoni na mwilini mwake masoko ya nusu ya dunia na bustani ya nyumba yake. Huyo si mnunuzi tu, ni mtengenezaji. Alichonunua dukani kilikuwa malighafi, na sanaa ilikuwa yake. Kila nyumba ilikuwa na mchanganyiko wake, na siri yake ilirithishwa kwa mabinti kama irithishwavyo mali.

Lugha yetu imelishuhudia jambo hilo. Mtu atakaye kitu kwa juhudi zake zote husemwa kwamba akitafuta kwa udi na uvumba. Maana yake, hakusaza hata vitu vyake vya thamani vifukizwavyo. Vivyo hivyo methali ya mkakasi, kwamba ni mzuri nje na ndani ni kipande cha mti, ingekuwa haina maana kwa watu wasiokijua kijaluba hicho cha kutilia vitu vya urembo. Na Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake wa wasia kwa binti yake mwaka 1858, hakuona aibu kuweka hina, wanja, pete na manukato katika shairi moja na dini na adabu. Kwake mambo hayo hayakuwa upuuzi wa pembeni. Yalikuwa sehemu ya maarifa ambayo mama aliyekaribia kufa aliona si haki kuondoka nayo.

Tutoke sasa katika harufu, tuingie katika vyombo. Magofu ya Gedi karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yametoa vigae vingi vya kaure ya Uchina na vya vyombo vya nchi za Kiislamu. Katika makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi mabakuli ya namna hiyo yalipachikwa ukutani, yaangaliwe na wapitao. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 mafundi wa chokaa walichonga zidaka safu juu ya safu katika ukuta wa chumba cha ndani, na katika zidaka hizo vikapangwa sahani na mabakuli yasiyoliwa chakula. Mchina aliyefinyanga bakuli lile hakukusudia kaburi wala ukuta, alikusudia meza. Waswahili walikipokea chombo, lakini kazi yake waliipanga wenyewe. Ndipo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha kuanguka kwa Pate katika Al-Inkishafi, hakutaja ngome peke yake. Aliwaonyesha wasomaji wake zidaka zilizopotewa na vyombo, zikawa makazi ya ndege. Msomaji wa zama zake alielewa mara moja: nyumba ikiwa zidaka zake tupu, heshima yake imetoka.

Katika karne ya 19 mwendo ukaongezeka. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, naye katika Ulaya akajulikana kwa jina la Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo aeleza vyumba vya majumba ya baba yake, na rafu zilizopangwa vyombo vya kioo na kaure kwa ulinganifu. Aeleza pia jinsi nguo zilivyotiwa maua na manukato. Wenye mali ndogo walifuata mtindo huo kwa kadiri ya mifuko yao. Mabakuli ya Ulaya, kama yale ya viwanda vya Maastricht katika Uholanzi, yenye maua ya rangi, yalifika kwa wingi yakakaa pale pale palipokuwa pa kaure ya Uchina. Chombo kilibadili nchi yake ya asili, kidaka hakikubadilika.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili wa sahani. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, yaliyolipia kioo na hariri, yalilimwa na watumwa. Pembe zilizobadilishwa na nguo zilitoka bara juu ya mabega ya watu, wengine wapagazi wa ujira, wengine mateka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mpaka siku hiyo binadamu alinunuliwa katika mji ule ule uliouza marashi. Mwanafunzi wa mambo haya asiache uzuri wa chombo umfumbe macho. Swali la nani alikichagua halitoshi bila ya swali la nani alikilipia.

Hata hivyo itakuwa kosa kudhani kwamba uteuzi ulikuwa wa matajiri wa pwani tu. Tazama biashara ya ushanga, ambayo sehemu yake kubwa ilitengenezwa Venice. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya miaka 1857 na 1859, alihesabu aina za ushanga kwa mamia, kila moja na jina lake. Ushanga mmoja mwekundu ulipewa majina ya kumaliza chakula na kuvunja miji, kwa jinsi wanawake walivyoutaka. Henry Morton Stanley, alipokuwa akifunga mizigo yake Unguja mwaka 1871, alilazimika kujifunza somo hilo kabla hajapiga hatua moja. Ushanga mweusi ulikuwa fedha halali Ugogo, na kwingineko haukuwa na thamani. Ule mkubwa wa umbo la yai ulipendwa Ujiji na Uguhha, ukakataliwa kwingine. Mweupe ulikubaliwa Ufipa na sehemu za Usagara, ukadharauliwa pengine. Msafiri aliyekosea chaguo aliweza kufa njaa na magunia ya mali mgongoni. Methali yasema mkono mtupu haulambwi. Huko bara hata mkono uliojaa haukulambwa, kama umejaa kisichotakiwa. Basi bibi mmoja wa Ujiji, ambaye jina lake halikuandikwa na mtu, akikunja uso mbele ya ushanga wa mtindo wa mwaka jana, huzuni yake ilifika mpaka kwenye tanuri za Venice.

Ndivyo ilivyokuwa na nguo. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na wafanya biashara wa Salem, katika Massachusetts, wakaleta kitambaa kinene cha pamba kisichopaushwa. Watu walikipenda kwa uimara wake, wakakiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hata 1865, vilikata njia hiyo, na wauzaji wa Uingereza na Bara Hindi wakajitia katika nafasi iliyoachwa. Wateja wao hawakukubali kitambaa chochote tu. Walipima uzito, waligusa nyuzi, walinusa. Nacho kisichofanana na merikani waliyoizoea kilibaki juu ya rafu. Viwanda vya Bombay vilipojifunza kufuma kama watakavyo wateja, vikauza. Jina la nchi likabaki katika kitambaa ambacho nchi hiyo haikukifuma. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu alichokitoa mwaka 2008, ameeleza kwa urefu jinsi matakwa ya Afrika ya Mashariki yalivyoongoza kazi za viwanda vya ng'ambo. Mimi naongeza hili tu: aliyeviongoza hakuwa na manowari wala kiti katika baraza. Alikuwa na haki moja, ya kusema hapana mbele ya kaunta.

Kutoka merikani tufike kanga, ambayo ndiyo nguo iliyobeba mambo makubwa kuliko zote. Masimulizi yasema kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mijini walizoea kununua leso zilizopigwa chapa, zikiwa bado hazijakatwa kutoka katika jora. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Badala ya kuzikata moja moja, walikata sita pamoja, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga kuwa nguo moja pana yenye sura mpya. Wafanya biashara walipoona hayo, waliagiza nguo nzima za namna hiyo, zipigwe chapa Manchester na Uholanzi, na baadaye Bara Hindi na Japani. Madoa meupe ya baadhi yake yaliwakumbusha watu ndege kanga. Jina likashika, ingawa Mombasa wengi wangali wasema leso. Nguo ikapata mpangilio wake: pindo pande nne, mji katikati, na jina, yaani maneno yake, chini ya mji. Maneno hayo yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Katika Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lijulikanalo kwa chapa ya Mali ya Abdulla, limekuwa katika biashara tangu mwaka 1887, na wenyewe hulitaja kuwa ndilo lililoanza kuuza kanga zenye majina.

Sasa tuweke kando rangi na mapindo, tutazame ni nani aliyevaa. Katika Unguja ya utumwa mavazi yalikuwa sheria isiyoandikwa. Mtumwa mwanamume alivaa kipande cha merikani kiunoni. Mwanamke alijifunga kaniki, ile merikani iliyotiwa nili, chini ya makwapa, mabega wazi. Kufunika kichwa na kuvaa viatu kulikuwa alama za waungwana. Mwezi wa Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Muhammad alitoa amri ya kukomesha hali ya utumwa katika Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakuingizwa katika ukombozi mpaka mwaka 1909. Amri ilimpa mtu karatasi kama aliiomba. Lakini karatasi haivaliwi njiani. Mwanamke aliyetoka shamba na kuingia Ng'ambo, mtaa wa wasio na majumba ya mawe, alitaka uhuru wake uonekane na kila akutanaye naye. Akanunua kanga, doti nzima: moja ya kujifunga na moja ya kujitanda mpaka kichwani. Wanaume nao wakavaa kanzu na kofia. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya maisha ya Unguja baada ya utumwa, ameonyesha jinsi mabadiliko haya ya mavazi yalivyokuwa madai ya uraia. Wenye kujiona wakubwa waliona ni ufisadi wa pesa, mtu wa kibarua kumaliza ujira wake kwa nguo ya mtindo mpya. Hawakufahamu kwamba alichokuwa akinunua si pamba. Alikuwa akinunua kutojulikana tena kwa mavazi yake kuwa alikuwa mtumwa wa fulani.

Mapambo ya fedha yalikuwa na kazi iliyokaribiana na hiyo. Riale ya Maria Theresa, ambayo hata ikipigwa chapa karne nyingine hubeba mwaka 1780, ilizunguka katika masoko yetu, na masonara waliiyeyusha wakafua mitali, vikuku, mikufu na vipini. Hivyo sarafu ya malkia wa Ulaya iligeuka pambo la kifundo cha mguu wa mwanamke wa Siu au Lamu. Pambo hilo lilikuwa akiba yake. Nyumba yaweza kuwa ya mume na shamba likawa la ukoo, ila kikuku kilikuwa chake mwenyewe. Siku ya shida aliweza kukiweka rehani, na siku ya talaka aliondoka nacho. Mwanamume aliyecheka upendo wa wanawake kwa vito alicheka hazina ambayo yeye hakuwa na ufunguo wake.

Mambo haya hayakukoma na ukoloni. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa Uchina, na kanga iliyokuwa ikitoka ng'ambo ikapigwa chapa nyumbani. Ikawa jukwaa la sherehe za taifa, na maneno yake yakaenea kotekote. Leo maduka yamejaa manukato ya Dubai, saa za bei zote, mikoba na vyombo vya plastiki, na wako wazee wasemao kwamba vijana wamepotea kwa kupenda vitu. Nadhani lawama hii ni ya kale kama Rhapta. Tofauti ya kweli ya kuangaliwa ni nyingine. Je, tungali tukichagua na kugeuza, kama waliokata leso sita na kuziunga, ama tumekuwa watu wa kupokea kilichokwisha amuliwa na wengine? Anunuaye chupa ya marashi yaliyokwisha changanywa, mwenye bibi aliyejua kupika udi, amepata wepesi na amepoteza elimu. Si dhambi, ila ni hasara, na hasara isiyoandikwa haihesabiwi.

Kwa sababu hiyo naona wanafunzi wetu wa lugha na wa historia wana kazi mbele yao, tena ya haraka. Majina ya kanga za miaka iliyopita yamo katika vichwa vya wazee, na mengi hayamo katika daftari lolote. Mchanganyiko wa udi, namna za vikuba, majina ya aina za vikuku na mitali, majina ya sehemu za kiti cha enzi na samadari: hayo yote ni maneno ya Kiswahili ambayo kamusi zetu ama zimeyataja kwa ufupi ama zimeyapita. Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kasha la bibi liko mvunguni mwa kitanda. Mwanafunzi na aende na kalamu, aombe ruhusa kwa adabu, aulize kila kitu kilinunuliwa wapi, kwa pesa gani, na kingine kipi kiliachwa dukani siku hiyo. Katika jibu la swali la mwisho atapata habari ambayo hazimo katika nyaraka za mabalozi wala katika vitabu vya forodha, maana forodha iliandika kilichoingia, na haikuandika kilichopendwa.